Kadi Aliyoirudisha

Benchi la kwaya lilianguka Jumapili ya tatu tangu libarikiwe, watu walipoitikia Amina ya sala ya mwanzo na kuketi. Kwaya ile huketi kama inavyoimba, kwa pamoja. Watu tisa wakashusha uzito wao kwa mpigo mmoja, benchi likayumba kuelekea sakristia, likalia kama jino linalong'olewa, miguu ikalala chali. Wanane waliinuka wakijipangusa na kucheka kwa haya. Wa tisa, Mariana, yule msichana wa sauti ya kwanza, hakuinuka. Alikuwa ameukumbatia mkono wake wa kulia, na kifundo kilikuwa kimepinda upande ambao kifundo hakipaswi kupinda.

Gaudensi, fundi aliyelitengeneza, alikuwa safu ya nne upande wa wanaume. Wenzake walishtuka kwanza, kisha wakauliza kumetokea nini. Yeye hakuuliza. Kabla hajainuka alishajua ni kitu gani kimekosekana kwenye benchi lile, na nani aliyekiondoa.

Baada ya misa, Mariana akiwa ameshapelekwa hospitali kwa bajaji, benchi lilitolewa nje na kulazwa juu ya nyasi. Upepo wa Julai ulikuwa unachapa kama kawaida ya Sumbawanga, wanaume wamejikunyata ndani ya makoti, lakini hakuna aliyekubali kuondoka. Mzee Cornelius, mwalimu mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ya kigango, alichuchumaa akachungulia miguu ya benchi kama anayesahihisha daftari la mtoto asiyempenda.

"Ulimi wa mguu umechomoka kwenye tundu," alisema. "Tundu limelegea. Fundi, nani alikata haya matundu?"

Gaudensi akameza mate. "Baba ndiye aliyeyakata."

Baba mwenyewe alikuwa hatua nne tu kutoka pale, kofia mkononi: Mzee Valerian, baba mzazi wa Avelina, mke wa Gaudensi. Watu wote walimgeukia. Mzee akatazama benchi, akatazama vidole vyake, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli. Ni mimi."

"Macho hayo, Mzee," akasema Cornelius, na akasema kwa upole, jambo lililoumiza zaidi. "Umri umekwenda. Si aibu."

Gaudensi hakuwa amesema uongo hata neno moja. Matundu yalikatwa na mzee, kweli tupu. Wahenga walitwambia njia ya mwongo ni fupi. Ya msema kweli nusu hawakutwambia urefu wake, na Gaudensi alianza kuipima siku ile ile, akitembea kurudi nyumbani nyuma ya mgongo wa baba mkwe wake.

Mambo yalianzia kwenye kadi.

Mwezi Machi mafundi ishirini wa mjini waliitwa kwenye semina ya siku mbili. Mwalimu alikuwa dada mmoja kutoka Mbeya, Silvana, mchangamfu, mwenye kucheka na kila mtu. Alimpa kila fundi pakiti ya kadi thelathini na sita, zilizoandikwa sentensi moja moja. "Akili ya fundi ina njia yake iliyozoea," aliwaambia, "kama ng'ombe anayejua kisima. Umwache, atakwenda kisima kile kile mpaka kikauke. Ukikwama kwenye mchoro, changanya kadi, vuta moja, fanya inavyokuambia. Ila sharti ni hili: kadi iliyotoka ndiyo yako. Ukiirudisha kwa kuwa hujaipenda, huo si ubunifu tena. Hapo umejipikia, umejipakulia."

Mafundi wengi walifika nyumbani wakawapa watoto wachezee. Gaudensi zilimfaa. Alivuta *Azima kwa kazi isiyo yako*, akaenda kukaa sokoni na mama muuza samaki aina ya migebuka, akatazama tenga lake linavyopitisha hewa, na wiki ile akatengeneza kabati la mboga lenye ubavu wa fito. Watu wakaligombania. Alivuta *Mtoto angekifanyaje?* akatoa kigoda kinachogeuka ngazi. Mtaa mzima wa Katandala ukaanza kumwita Fundi Kadi, naye hakukasirika. Cheti cha semina akakitundika ukutani, juu ya mahali ambapo Mzee Valerian alizoea kuning'iniza msumeno wake.

Kazi ya mabenchi kumi na mawili ya kigango ilipokuja, Padre Clemens alisema anataka benchi zisizofanana na zile za zamani. Akina mama wa usafi walilalamika fagio halipiti chini. Gaudensi alikaa na karatasi siku nzima. Alasiri akachanganya kadi, akavuta moja.

*Muulize mtu ambaye hujamuuliza.*

Mzee Valerian alikuwa pale pale, mlangoni penye mwanga, ananoa msumeno. Mzee huyu kabla ya kufiwa na mkewe na kuja kukaa mjini kwa binti yake, alitengeneza mabenchi kule Mpui kwa miaka arobaini. Vigango vingapi vya Ufipa watu wanakalia kazi yake, hata yeye hajui. Na katika miezi saba ya kufanya kazi chini ya paa moja, Gaudensi hakuwahi kumuuliza kitu zaidi ya "Baba, gundi iko wapi?"

Alimtazama mzee. Halafu akatazama cheti ukutani. Siku ile kulikuwa na wateja wawili wamekaa kibarazani wanasubiri meza yao. Fundi Kadi amuulize mzee wa patasi, mzee aliyeishia darasa la nne, benchi hutengenezwaje? Akatupa jicho kulia na kushoto kama mtu anayedokoa sukari, akaichomeka ile kadi katikati ya pakiti, akavuta nyingine.

*Ondoa kitu kimoja.*

Hiyo akaipenda. Akaondoa mkazo, ile mbao ndefu ya chini inayoufunga mguu wa huku na wa kule. Benchi likawa jepesi na zuri la kutazama, fagio linapita mwanzo mpaka mwisho. Alipomwonyesha mzee mchoro, mzee alipitisha kidole polepole pale ulipopaswa kukaa mkazo.

"Na hapa, baba?" alimuuliza mkwewe.

"Hapauhitaji. Nimepiga hesabu. Ulimi ukikatwa sawasawa, mkazo hauna kazi."

Hesabu gani? Hakupiga hesabu yoyote. Lakini mzee anayelala chini ya bati la mkwewe hasemi neno mara mbili. Alisema "Haya," akachukua patasi. Alikata ndimi na matundu ya benchi lile la kwanza kwa siku nne, mengine akiyarudia, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kila kitu kinategemea mkono wake.

Jumapili ile ya aibu mzee hakula. Avelina alipika ugali wa ulezi na maharage, chakula anachokipenda, mzee akakiacha kipoe. Alichukua kitenge cha marehemu mkewe, akakitandika sakafuni, akapanga juu yake randa, patasi tano na msumeno, akavifunga vizuri kama anayefunga mtoto mgongoni, akavisukuma chini ya kitanda.

Jumatatu hakwenda karakana. Jumanne Avelina alimletea ungo wa maharage kama siku zote, achambue huku anaota jua. Mzee akausukuma ungo.

"Chambua mwenyewe, mama. Nitaacha jiwe, nikuvunje jino."

"Baba, tangu lini umeacha jiwe?"

"Tangu lini nimelegeza tundu?" akajibu. "Ndivyo mtu anavyozeeka. Mwenyewe unakuwa wa mwisho kupewa habari."

Kufikia Alhamisi alikuwa akipapasa ukuta anapokwenda msalani. Gaudensi alimwona kupitia dirisha la karakana: mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa akiona unywele kwenye gundi, sasa ananyoosha mguu kutafuta kizingiti alichokivuka kila siku kwa miezi minane. Macho ya mzee hayakuwa na tofauti yoyote na ya wiki iliyopita. Kilichovunjika kilikuwa kingine, na Gaudensi alijua nani aliyekivunja. Aliinama juu ya mbao akaendelea kupiga randa bila kujua anaranda nini, mpaka ubao ukawa mwembamba usiofaa kitu.

"Kweli Baba alikata vibaya?" Avelina alimuuliza, amesimama mlangoni na mikono yenye unga.

"Kazi ya mbao ina mambo mengi."

"Sijakuuliza mambo mengi, Gaude. Nimekuuliza moja."

"Nitazungumza naye."

"Zungumza naye basi. Mwambie hata fundi hodari hukosea. Akikaa hivi atakufa, na atakufa hapa kwetu, watu waseme tulimchoka."

Ijumaa asubuhi mzee akamwomba Avelina kuku. Alimbeba kwapani, kuku jike mwekundu, tetea wa kutaga, akaenda kwa miguu mpaka kwa akina Mariana. Gaudensi alimfuata kwa mbali, akijiambia anamwangalia asije akagongwa na pikipiki. Alisimama nyuma ya kibanda cha vocha. Aliwaona wote: Mariana na plasta lake jeupe, akiinama kusema shikamoo, mama yake aliyempokea kuku bila kusema karibu, na mzee amesimama uani, amevua kofia, anazungumza muda mrefu na kuonyesha macho yake kwa kidole, kwanza la kulia, kisha la kushoto. Hakupewa hata kigoda.

Gaudensi alihisi uso wake unawaka katika baridi ile yote. Hakujitokeza. Alinunua vocha ambayo hakuihitaji, akarudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Jumamosi saa kumi alikwenda kuungama. Njiani alikuwa amekwisha kupanga mambo yake, na mpango wenyewe ulikuwa mzuri: atamwambia Padre Clemens kila kitu, Padre atasikitika, atampa kitubio, halafu kesho kwenye kikao cha kamati Padre atasema neno moja la busara, kwamba mzee aachwe, kwamba mchoro wenyewe ulikuwa na kasoro, na yataisha bila mtu kutajwa. Ndiyo maana ya kuwa na padre.

Alipiga magoti, akasema yote. Alisema hata ile kadi ya kwanza. Padre aliuliza kutoka nyuma ya wavu.

"Mzee anajua?"

"Hajui, Padre."

"Kitubio chako, umwambie."

"Nitamwambia, Padre. Lakini kesho kwenye kikao, wewe si utawaambia Mwalimu Cornelius na wenzake? Bila kunitaja. Useme tu kwamba macho ya mzee hayana kosa."

"Niseme nimejuaje?"

Gaudensi akatazama magoti yake.

"Unachoniambia hapa," akasema Padre, na sauti yake haikuwa na ukali wowote, "mimi kesho sikijui. Siwezi kusema, siwezi hata kukunja uso. Umekuja kutua mzigo mahali ambapo mimi sina mikono. Mungu anakusamehe, mwanangu. Baba mkwe wako utamwomba mwenyewe."

Alitoka amesamehewa, na bado amebeba mzigo ule ule. Jioni ile mzee alikuwa amekaa kando ya jiko la mkaa. Mara tatu Gaudensi alisema "Baba," na mara tatu mzee alisema "Naam," na mara zote tatu neno lililofuata likawa kuhusu baridi.

Kikao kilikaa baada ya misa, ndani ya kanisa, wazee kumi na mmoja wamekalia benchi za zamani zenye mikazo minene iliyowagonga visigino. Mariana alikuja na mama yake. Mzee Valerian aliketi peke yake karibu na mlango. Padre Clemens alifungua kwa sala, akaketi, akakazia macho viatu vyake.

Mwalimu Cornelius hakuwa mtu mbaya. Alisema kigango hakitaki kugombana na mtu, hospitali wamemhudumia binti vizuri, na Fundi Gaudensi ataendelea na mabenchi kumi na moja yaliyobaki, kwa kuwa ni fundi msomi na sote tunamjua. "Ila kwa sharti dogo," akasema. "Mzee wetu asiguse tena kazi ya kanisa. Tena tuliandike kwenye muhtasari, ili kesho na keshokutwa pasiwe na maneno. Padre, una la kuongeza?"

Gaudensi alimtazama Padre kwa macho ya mtu anayezama. Padre aliinua kichwa, akatazama altare, akatazama dirisha, akatazama kila kitu kilichokuwamo kanisani isipokuwa Gaudensi. Paji la uso lilimtoka jasho.

"Sina," akasema.

Mzee Valerian akainuka. Alipapasa benchi la mbele yake, akalishika. "Mimi naomba niseme kabla hamjaandika," alianza. "Nimekata matundu kwa miaka arobaini na sijawahi kumwangusha mtu. Mkwe wangu aliniambia wazi: Baba, ulimi ukikatwa sawasawa, mkazo hauna kazi. Alinipa nafasi. Nilidhani nimekata sawasawa. Namwomba radhi binti huyu, naomba radhi kanisa, na namwomba radhi mkwe wangu kwa kumharibia jina lake..."

"Baba, keti," akasema Gaudensi.

Alikuwa amesimama bila kujua ameinuka saa ngapi.

"Niache nimalize, baba."

"Keti, Baba. Nakuomba. Huna cha kuomba radhi." Akawageukia wanakamati. "Matundu hayana kosa. Ulimi hauna kosa. Benchi la watu tisa halisimami bila mkazo, hata ukikata kwa sindano. Mkazo niliuondoa mimi. Na ile hesabu niliyomwambia Baba nimepiga, sikupiga. Hakuna hesabu."

Mama Mariana ndiye aliyeinuka kwanza. "Kwa hiyo tangu Ijumaa," alisema polepole, "mimi nafuga kuku wa mtu asiye na kosa? Nikamsimamisha uani kama mdai?" Akaziba mdomo kwa khanga.

Mwalimu Cornelius alivua miwani, akaivaa tena. Aliuliza kwa nini fundi hakusema Jumapili ile ile. Gaudensi akajibu kwamba aliona haya, na kwa kuwa hilo ndilo lililokuwa jibu, hakuna aliyepata swali la pili. Wakaandika kwenye muhtasari kwamba kazi ya mabenchi imesimamishwa mpaka kamati itakapokaa tena. Padre alifunga kwa sala. Sauti yake ilitetemeka, na wengi walidhani ni baridi.

Mzee alitembea mbele, Gaudensi nyuma, kama Jumapili iliyopita. Tofauti ni kwamba leo mzee hakupapasa kitu. Aliruka mtaro wa kwanza, akaruka wa pili, akamkwepa mbuzi. Hakugeuka mpaka walipofika nyumbani, na hakuingia ndani. Alikwenda moja kwa moja karakana, akakaa kwenye gogo la kupasulia.

"Siku saba," alisema. "Siku saba mimi kipofu. Jana niliona sisimizi kwenye unga nikajiambia, unaota, huna macho wewe. Nilikuwa napanga kumwambia Avelina anirudishe Mpui, nikafie kwa mdogo wangu."

"Nisamehe, Baba."

"Usiniharakishe." Hakupandisha sauti. Laiti angepandisha. "Nilikwenda kwa watu nikawaonyesha macho yangu kwa kidole. Mtu mzima. Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nyuma ya kibanda cha vocha."

Mzee alimtazama sana. Gaudensi aliona kwamba angeweza kuishia hapo. Alishasema kanisani mbele ya watu kumi na zaidi, nani angedai zaidi? Lakini lililobaki ndilo lililokuwa likimuuma kuliko mkazo, na nje ya wavu ule wa Padre hakuna aliyelijua.

Akavuta droo, akatoa pakiti. Akatafuta mpaka akaipata.

"Kuna jingine, Baba. Siku ya mchoro nilivuta kadi. Haikuwa ile ya kuondoa. Ile ilikuwa ya pili. Ya kwanza nilivuta hii, wewe ulikuwa pale mlangoni unanoa msumeno, na nilijua ni wewe inayekutaja. Nikairudisha."

"Imeandikwaje?"

"*Muulize mtu ambaye hujamuuliza.*"

Mzee alinyoosha mkono, akaichukua. Akaisogeza mbali na uso, karibu na mlango, na akaisoma mwenyewe, herufi moja moja, midomo ikicheza. Ilimchukua muda. Alipomaliza aliirudia tena tangu mwanzo, kisha akaiweka juu ya goti lake na kuifunika kwa kiganja.

Avelina alikuwa amekuja na chai, akasimama kizingitini, haelewi aingie au arudi. Nje kulisikika sauti ya Mama Mariana akibisha hodi, na kuku akilalamika kwapani mwake. Hakuna aliyemwitikia.

"Mama," mzee alimwambia binti yake, macho yake bado kwa Gaudensi, "kanitolee lile furushi chini ya kitanda."

Halafu akamsogezea mkwe wake kigoda kwa mguu, kile kile kinachogeuka ngazi.

"Kaa," akasema. "Haya. Niulize."

Gaudensi akakaa. Kigoda kilikuwa kifupi. Ikambidi ainue uso kumtazama. Hakuwahi kujifunza kuanza, akaanza na kile alichokiondoa: "Baba, mkazo hukaa wapi?"